Bustani Ndani ya Ubao Mweusi

Uso wa Khue ulivimba asubuhi ya siku ile ile ambayo watu wa Hoi An walikuwa waje kumposa na sinia la tambuu na popoo. Kama ni mkosi, basi mkosi huo ulijua kuchagua siku. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba kabisa, midomo imenenepa, na vipele vyekundu vimemjaa shingoni hadi nyuma ya sikio. Mama yake, Bi Tam, alifunua chandarua, akamtazama mara moja tu, kisha akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Ulikwenda wapi?" aliuliza.

"Sikwenda popote, mama."

"Khue. Huo si uso wa mtu aliyeumwa na mbu."

Alisema kweli. Mjini Hue hata mtoto mdogo anaujua ugonjwa huo. Ni son, ule utomvu wa mti ambao mafundi huupaka kwenye mbao za madhabahu mpaka ziwe na mng'ao. Ukiwa mbichi, mvuke wake tu hula ngozi ya asiyeuzoea. Wapo wanaoishi nao miaka wasipate hata kipele, na wapo wanaopita mlangoni tu wakalala siku kadhaa wakijikuna. Wazee husema son huchagua uso kama pepo anavyochagua mtu wake. Na karakana ya son iliyo karibu na nyumba yao pale Kim Long ilikuwa moja tu, ya mzee Doai, na mzee Doai alikuwa na mwana kijana aitwaye Hoanh, aliyekuja msimu wa mvua kutengeneza mbao za madhabahu yao. Bi Tam hakuhitaji kupiga ramli.

Shangazi Sam, dada wa marehemu baba yake Khue, ndiye aliyechemsha majani ya mbirimbi na kuja na beseni. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na huruma nyingi, na vyote viwili alivitoa kwa pamoja.

"Inama nikukande," alisema. "Watu husema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Yako wewe yamekuja na upele kabisa."

"Shangazi, yanachoma."

"Mbirimbi au mapenzi?"

"Maji, shangazi. Ya moto."

"Haya, tuliza kichwa. Angalau uniambie ulichokiona huko hadi ukala hasara hii."

"Ubao," alisema. "Ubao mweusi."

"Mweusi na nini?"

"Mweusi tu. Picha iko ndani. Hoanh alikuwa amekwisha kuifunika kwa son nyeusi, ikingoja kukauka kabla ya kusuguliwa ili itokee. Aliniambia nisije, nikaja."

Shangazi Sam aliacha kukanda. Alimtazama mpwa wake aliyeharibika uso kwa kwenda kutazama ubao mtupu, akaanza kucheka, mwishowe akajifuta macho kwa pembe ya kitambaa kile kile cha mbirimbi. Khue naye alitaka kucheka lakini midomo haikumruhusu.

Bi Tam alituma mtu kuwaambia wageni kwamba binti ana homa. Lakini mshenga wa Hoi An hakuwa mtu wa kutumiwa habari. Alikuja mwenyewe na mfuko wa machungwa, akaomba amwone mgonjwa, akamwona. Aliagana nao kwa adabu zote. Kabla ya mwezi kuandama, habari zikarudi kwamba watu wa Hoi An wameona nyota za vijana hao hazikubaliani. Nyota hizo hizo zilikuwa zimekubaliana vizuri mno kabla ya uso kuvimba.

Basi ndipo Bi Tam alipomwita Hoanh, na akaamuru aje na ule ubao.

Alikuja alasiri, ameuvika gunia na kuubeba kifuani kwa mikono miwili. Khue alikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia la fito za mianzi. Uvimbe ulikuwa umepungua lakini ngozi ilikuwa ikibanduka vipande vipande, nyekundu na yenye magamba, na alikuwa ameapa kwamba Hoanh hatamwona hivyo hata nyumba ikiwaka moto. Kupitia katikati ya fito alimwona akivua makubadhi, akiinama mbele ya mama yake. Alikuwa amekonda. Kucha zake zilikuwa nyeusi kama siku zote.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba. Keti." Bi Tam alijimiminia chai ya yungiyungi na hakumkaribisha. "Nimeambiwa umechora bustani yangu."

"Ni kweli, Bi Mkubwa."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Sikuomba ruhusa."

"Na binti yangu yumo?"

Hoanh alitazama chini. Nyuma ya pazia Khue alishika fito moja. Hilo ndilo swali lililompeleka karakana. Msimu mzima wa mvua kijana huyu alikaa kwenye kibaraza cha nyuma, maana son hupenda unyevu, akipaka dhahabu kwenye maneno ya mababu yaliyochongwa juu ya mbao, na kila alasiri Khue alipita njia ya kisimani chini ya mibalungi kwenda kuosha nywele. Walikuwa wakisalimiana. Baadaye wakawa wanazungumza. Mwishoni maji ya kisima yalikuwa yanapata uvuguvugu kwenye ndoo yeye bado kasimama. Siku Hoanh alipomaliza kazi alimwambia, "Nitaichora bustani hii. Hakuna aliyeniagiza." Alilisema hilo la pili kwa sauti ya chini, kama mtu anayekiri wizi. Tangu hapo Khue alikuwa na tamaa moja tu moyoni, kujiona mle ndani.

"Bora uone mwenyewe, Bi Mkubwa," alisema Hoanh.

"Hapa hapa. Sugua mbele yangu. Nikimwona mwanangu kwenye ubao huo, ameshika nywele au hakushika, utazidi kusugua mpaka ufike kwenye mti."

Hoanh aliomba ndoo ya maji. Alifungua gunia, akaulaza ubao sakafuni, mweusi kabisa, hata jua la kibarazani halikuingia ndani yake. Alimwaga maji, akashika jiwe laini na unga wa makaa, akaanza kusugua kwa kuzungusha mkono polepole. Kazi hii haina huruma. Ukisugua kidogo, picha inabaki kaburini. Ukizidisha kidogo, umeila, na hakuna fundi duniani atakayekurudishia. Hata aliyeichora hajui kwa hakika itakavyotoka.

Maji yalianza kuwa meusi. Kisha, kwenye kona ya juu, kitu kikafumbua jicho. Kilikuwa kijani.

"Hicho nini?" Bi Tam aliuliza.

"Majani ya mbalungi."

"Son ni nyeusi, nyekundu na dhahabu. Baba yako hakukufundisha?"

"Alinifundisha. Anasema son inaila kijani, inakuwa tope. Niliharibu mbao nyingi kabla ya huu."

"Sasa kwa nini ukang'ang'ania?"

"Kwa sababu bustani ni ya kijani, Bi Mkubwa."

Shangazi Sam, aliyekuwa amesimama mlangoni na sahani ya keki za mchele, alijikohoza kwa nguvu ili asicheke.

Mkono uliendelea kuzunguka. Mipopoo ikatokea, myembamba, imeinamiana kama inasengenya. Maua ya mbalungi yakatokea meupe kwa vipande vya maganda ya mayai ya bata, vilivyobandikwa kimoja kimoja. Ua wa mimea ukatokea, haujakatwa, umevamia njia. Na chini ya yote ikatokea njia ya kisimani, ina unyevu, ina nuru ya dhahabu iliyofifia ya jua linalotoka baada ya mvua. Nuru hiyo ilitoka chini ya kijani, ikawa kila jani linapumua. Shangazi Sam aliweka sahani chini. Bi Tam mwenyewe alikuwa amesahau kikombe mkononi. Miaka yote aliyoishi kwenye nyumba ile tangu aje bibi harusi hakuwahi kuiona bustani yake ikimtazama hivyo.

Hoanh alimwaga maji ya mwisho, akafuta kwa kiganja, akarudi nyuma.

Hakukuwa na mtu. Njia ilikuwa tupu kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Basi ni bustani tu," alisema Bi Tam, na sauti yake ilikuwa na nafuu, na labda na kitu kingine. "Nimepoteza usingizi bure."

Nyuma ya pazia Khue alikuwa amekaa chini. Alijiona mjinga. Uso wake, posa yake, jina lake mdomoni mwa mshenga, vyote vimekwenda kwa ajili ya mibalungi. Naam, kijana alipenda bustani. Yeye alikuwa akipita tu humo na ndoo yake.

Shangazi Sam alikuwa mtu wa kuona mambo. "Wifi," alimwambia Bi Tam, "njoo jikoni mara moja. Mchuzi wa kamba naona nimeuzidisha pilipili, na wewe ndiye mwenye ulimi."

"Sasa hivi?"

"Ukichelewa utakuwa pilipili tupu."

Bi Tam alimtazama wifi yake, akamtazama Hoanh, akalitazama pazia. "Mlango uwe wazi," alisema, akaondoka. Mama yule hakuwa mjinga, na hakuwa jiwe.

Walibaki wawili, fito za mianzi katikati yao.

"Bibie," Hoanh alisema polepole. "Unaendeleaje na uso?"

"Mimi niko wapi?"

"Nini?"

"Kwenye ubao. Mimi niko wapi? Umekumbuka ua ambao haujakatwa. Umekumbuka mpaka lile tawi lililovunjika. Mimi nilipita hapo kila siku."

Hoanh aliugeukia ubao.

"Ulikuwa hujafika," alisema. "Hiyo ni ile saa kabla hujafika. Nilikuwa naweka brashi chini, naitazama njia. Kila jani nalijua kwa sababu hiyo. Ukishafika sikuwa naona mti tena, naona wewe. Mtu hawezi kuchora bustani wakati huo."

Khue aliegemeza paji la uso kwenye mianzi, ingawa ilimuuma. Alitaka kuendelea kukasirika, ila hasira ilikuwa imemkimbia.

"Basi niweke sasa," alisema. "Ganda moja la yai linatosha. Hata mgongo tu, hata ncha ya nguo. Nipate kujua kwamba nilikuwepo."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Sitaki."

Neno hilo lilimchoma kuliko mbirimbi. "Ninaomba kitu kimoja tu, Hoanh."

"Ndiyo, na ungeniomba kidole ningekupa." Alisogea karibu na pazia, na Khue akavuta kichwa nyuma haraka asionekane. "Tangu utotoni nimeambiwa cha kuweka na pa kukiweka. Joka kushoto, joka kulia, jicho lake hapa. Mteja anasema ongeza wingu, naongeza. Huu ndio ubao wa kwanza ambao hakuna aliyeniambia kitu. Baba aliuona kabla sijaufunika, akasema nimetukana mababu. Nikilala naota naufunika tena mweusi ili tu apendezwe. Nikikuweka wewe kwa sababu umeomba, hata wewe, utakuwa wingu la mteja."

Khue alikuwa amemwelewa, na kumwelewa kulimuuma kuliko kutomwelewa.

"Kuna jingine," Hoanh alisema. "Mwalimu mmoja wa uchoraji kutoka Hanoi alipita karakana wakati ule picha iko wazi. Amesema nikiweza kuisugua bila kuiua, niende nayo. Atanipokea. Treni ni kesho."

"Kesho."

"Nilikuwa nitakuja kukuambia hata mama yako asingeniita."

"Na ungeniambia nini?"

"Sijui. Nilikuwa nasugua, nilifikiri nitalipata neno ubao ukimalizika."

Sauti ya makubadhi ya Bi Tam ilisikika kwenye ukumbi. Alirudi, akaketi pale pale, akajipanga nguo. Kumbe jikoni hakuonja mchuzi. Alikuwa amefikiri.

"Hoanh," alisema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumtaja jina. "Nitasema wazi, mimi si mtu wa kuzungukazunguka. Watu wa Hoi An wamegeuza uso. Kim Long nzima inajua binti yangu alipatia wapi upele. Baba yake yupo pale kwenye madhabahu ananitazama kila ninapowasha ubani. Sasa sikiliza. Hekalu la ukoo wa mume wangu linataka mbao mpya, zote, kazi ya miaka. Baki Hue. Shika karakana ya baba yako. Chora majoka yako, paka dhahabu yako, kama watu wenye heshima. Kisha lete sinia lako la tambuu hapa. Nitalipokea."

Shangazi Sam alishika mdomo kule mlangoni.

"Lakini hii habari ya kijani," Bi Tam aliendelea, akiunyooshea ubao kidole, "iishe. Nakubali ni nzuri. Lakini binti yangu hatalishwa majani. Sitaki mkwe anayegombana na baba yake kwa ajili ya rangi."

Msomaji, asikudanganye mtu, kwanza Khue alikuwa na furaha tupu. Mama yake, yule Bi Tam aliyepima ukoo wa watu kama dhahabu, amesema atalipokea sinia. Neno moja tu la Hoanh na mambo yote yamekwisha. Hakuna Hoi An, hakuna Hanoi, hakuna kungoja. Watakula wali pamoja kila siku mpaka wazeeke. Alisogeza jicho kwenye upenyo ili amwone akikubali.

Hoanh alikuwa anautazama ubao. Mkono wake uliolowa ulikwenda taratibu, kiganja kikaufunika ule mwangaza wa njia, kikatulia hapo kama mtu anayefumba macho ya marehemu. Kisha akavuta pumzi ndefu, akanyanyua kichwa.

"Bi Mkubwa," alianza. "Nakushukuru. Mimi—"

Khue alisukuma pazia akatoka.

Alitoka na uso wake ule ule, na magamba yake, na jicho moja dogo kuliko lingine, mchana kweupe. Shangazi Sam alijaribu kumrushia kitambaa, hakukipokea.

"Hataki, mama," alisema.

"Nani hataki? Kijana hajajibu."

"Nimesikia alivyovuta pumzi. Mtu anayekubali harusi havuti pumzi vile. Vile huvuta anayekwenda kung'olewa jino."

"Bibie," alisema Hoanh, na macho yake yalikuwa usoni kwake, hayakwenda kando hata kidogo. "Nilikuwa nataka kukubali. Naapa nilikuwa nakubali."

"Najua. Ndiyo maana nimetoka."

Akapiga magoti mbele ya mama yake, karibu na ubao, maji meusi yakalowesha pindo la nguo yake nyeupe.

"Mama, asante. Sikutegemea ungesema hivyo, na nitakukumbuka kwa hilo maisha yangu yote. Lakini akibaki kwa bei hiyo, kila joka atakalolipaka dhahabu atakuwa ananilaumu mimi. Hatasema. Ni mpole huyu, hatasema hata siku moja. Atakuja kula, atanyamaza, na mimi nitakuwa nasikia." Alimgeukia Hoanh. "Nenda Hanoi. Mpelekee mwalimu wako huo ubao. Na usimweke mtu yeyote humo, hata akiomba kwa machozi."

"Na wewe?"

"Mimi nipo."

"Kuna wengine watakuja na sinia, Khue."

"Waje. Chai ipo, watakunywa, watarudi."

Bi Tam aliweka kikombe chini kwa uangalifu mkubwa. Alionekana amezeeka ghafla, na hakuonekana mkali tena. "Wewe mtoto," alisema kwa sauti ndogo. "Nimekupa mkononi ulichokuwa unakililia. Na huyu asiporudi?"

"Basi nitakuwa nimengoja, mama."

"Huko ndiko kuishi?"

"Sijui. Nitakuambia nikishangoja."

Shangazi Sam alikuwa ameshaanza kulia, wazi, bila kujificha, na keki ya mchele aliyoichukua kwenye sahani ikiwa mkononi. Hoanh aliinama mbele ya Bi Tam mpaka paji la uso likagusa sakafu. Alipoinuka alikuwa ametapakaa unga wa makaa. Alitaka kumwambia Khue kitu, akaliokota gunia badala yake. Huenda lile neno alilofikiri atalipata ubao ukimalizika halikuwahi kuwepo.

"Nenda," Khue alisema. "Ukikaa kidogo zaidi nitabadili mawazo, na mama ananijua nikibadili mawazo."

Aliuvika ubao gunia. Alivaa makubadhi kombo, la kulia kushoto, akayavua, akayavaa tena. Kisha akashuka ngazi na kuifuata njia ya kwenda langoni, amebeba bustani yao kifuani.

Khue alisimama kwenye kibaraza wima kabisa. Machozi yalikuja yakashuka juu ya ngozi ile iliyobanduka, yakachoma kama chumvi kwenye kidonda, na Bi Tam akamsogelea, akamnong'oneza, "Jifute, mwanangu, yatakuwasha." Lakini hakujifuta. Hoanh alikuwa bado hajafika langoni, na kama angegeuka, angeuona mkono wake unapanda usoni, angejua analia, na angerudi.